Umbo la kipandikizi cha jino na tundu lake: hatua kwa hatua

Madaktari wanaoanza kuweka vipandikizi, yaani skrubu za titani zinazokazwa ndani ya mfupa wa taya badala ya mzizi wa jino, huuliza kipi ni bora, kilichochongoka (chembamba kadiri kinavyoelekea chini) au cha silinda (unene uleule juu hadi chini). Swali hilo ni nusu tu. Umbo la kipandikizi na tundu unalokitobolea ni uamuzi mmoja, na kabla ya kuuamua ni lazima ujue unatafuta uthabiti upi.

Uthabiti wa kwanza ni wa kukabwa: mfupa unaishika skrubu siku ileile unapoikaza. Wa pili huja taratibu, mfupa mpya unapoota na kushikamana na titani, kama alivyoonyesha Per-Ingvar Brånemark wa Sweden, aliyemwekea mgonjwa wake wa kwanza vipandikizi mwaka 1965. Shida ni kwamba ule wa kwanza hupungua kabla wa pili haujakomaa. Kati ya wiki ya 2 na ya 4 kipandikizi huwa dhaifu kuliko kilivyokuwa siku ya upasuaji. Kikicheza zaidi ya mikrometa 150 hivi, huota nyama ya nyuzinyuzi badala ya mfupa.

Hatua ya 1: Soma mfupa

Tumia picha ya skani, kisha upange mfupa kwa aina 4 za ugumu zilizopendekezwa na watafiti Lekholm na Zarb (1985). Aina ya 1 karibu yote ni gamba gumu. Aina ya 4 ni gamba jembamba lililofunika mfupa laini wenye vitundu. Mbele ya taya la chini mfupa huwa mgumu, nyuma ya taya la juu huwa laini. Hata hivyo mimi huacha neno la mwisho kwa mkono: keekee ya kwanza ikizama bila upinzani, badilisha mpango hapohapo.

Hatua ya 2: Chagua mwili

Kilichochongoka hubana kuta za tundu kadiri kinavyoshuka, kama kabari. Kinafaa kwenye mfupa laini, kwenye shimo la jino lililong'olewa sasa hivi, na pale mizizi ya meno jirani inapokaribiana huko chini. Kasoro yake ni kwamba hakisamehe: kwenye mfupa mgumu nguvu ya kukaza hupanda ghafla katika mizunguko ya mwisho, na ukikirudisha nyuma nusu mzunguko ili kurekebisha kina, hulegea mara moja. Cha silinda unaweza kukishusha au kukipandisha kidogo bila kupoteza mshiko. Ndiyo maana kwenye mfupa wa aina ya 1 na ya 2 napendelea silinda.

Hatua ya 3: Tazama nyuzi za skrubu na shingo

Mfupa laini unataka nyuzi zenye kina kirefu; mgumu unatosheka na fupi. Kuhusu shingo, usiweke shingo pana pale ukuta wa mbele wa mfupa ni mwembamba. Ukuta huo utabanwa, utanyonywa na mwili, na ufizi utashuka pamoja nao.

Hatua ya 4: Toboa kwa kulinganisha

Hapa ndipo kazi huharibika. Kwenye mfupa laini, acha tundu liwe jembamba kuliko kawaida. Kwenye mgumu, fika kipimo kamili na ukate njia ya nyuzi kwanza. Mwagilia maji ya chumvi baridi muda wote, kwa sababu nyuzijoto 47 kwa dakika moja zinatosha kuudhuru mfupa.

Usiogope nafasi ndogo kati ya nyuzi na ukuta wa tundu. Hujaa bonge la damu, na mfupa mpya huota humo moja kwa moja. Pale palipobanwa sana, mwili hulazimika kwanza kula mfupa ulioumia ndipo ujenge mwingine, na hilo ndilo linaloongeza udhaifu wa zile wiki za mwanzo.

Hatua ya 5: Kaza, kisha pima

Nguvu ya kukaza ya newton-sentimita 35 hivi inaridhisha. Ikipita 50 kwenye mfupa mgumu na kipandikizi hakijafika mwisho, simama, kitoe, kata tena njia ya nyuzi kwenye mfupa, urudi. Kulazimisha kunakata damu, na mfupa uliokufa haushiki kitu. Ukiwa na kifaa cha kupima kwa mtetemo, soma kipimo cha ISQ, yaani alama ya uthabiti wa kipandikizi: zaidi ya 70 ni uthabiti mzuri, chini ya 60 usikimbilie kuweka jino.

Kikizunguka bure tundu likiwa limekwisha kutobolewa, una njia mbili. Weka kinene au kirefu zaidi, kama picha inaonyesha mfupa upo na mshipa wa fahamu uko angalau milimita 2 mbali. La sivyo, kama hakizami wala hakiyumbi, kifunike chini ya ufizi na kukipa miezi kadhaa bila mzigo.