Namna ya kuazima jembe la jirani mkabaki majirani

Vijana wanaohamia shamba huniuliza waanze na kupanda nini. Nawaambia waanze na kujifunza kuazima. Shamba hakuna mwenye kila kitu: huyu ana ngazi, yule ana msumeno, mwingine ana mikono tu. Ukijua kuazima, hutakwama. Usipojua, utabaki na shamba bila watu.

Nenda mwenyewe. Usimtume mtoto, maana mtoto kumnyima ni vigumu, na jirani atatoa huku roho inamuuma. Nenda jioni, wala si asubuhi ile baada ya mvua ya kwanza, kila mtu anapolitafuta jembe lake. Sema unalitakia kazi gani. Jembe la palizi si la kung'olea visiki, na mwenyewe akisikia visiki huenda akakupa sururu. Taja pia siku ya kurudisha. "Nikimaliza" si siku.

Ukikabidhiwa, likague mbele yake. Mpini ukicheza, semeni papo hapo, usije ukaonekana wewe ndiye uliyeulegeza. Wengi hulaza jembe majini usiku kucha ili mti uvimbe. Hukaza kweli, lakini kwa muda tu. Mti ukikauka husinyaa tena, na jembe linaweza kuchomoka umeliinua juu ya kichwa. Mwombe ruhusa ugonge kabari ya mti mgumu uliokauka vizuri.

Sasa kurudisha, na hapa ndipo watu hujulikana. Kwangua udongo kwa kijiti ungali mbichi, usisubiri ugande. Osha, kisha futa mpaka pakauke hata pale mpini unapoingia, kwa sababu chuma kikilala na maji kinaamka na kutu. Pitisha tupa kwenye makali, paka mafuta kidogo. Jembe lirudi kali kuliko lilivyotoka, na siku nyingine utabisha hodi bila kujikohoza. Kamba usiikunje mbichi, itaoza; ianike kwanza. Mbegu uzilipe kwa kipimo kile kile ulichopimiwa, ila wewe jaza mpaka zimwagike.

Ukivunja kitu, nenda siku hiyo hiyo nacho mkononi, na useme utakitengeneza lini. Jirani asiipate habari kwa mtu mwingine. Kukopa harusi, kulipa matanga, walisema wazee, na matanga yenyewe huwa marefu zaidi ukijificha.

Ukiwa wewe ndiye unayeombwa, usitoe kitu ambacho kikipotea utamchukia mtu. Shoka langu mimi haliazimwi, na kijiji kizima kinajua. Ukilihitaji nitakuja nalo mwenyewe nikupasulie kuni, tupige na soga. Kunyima kwa namna hiyo hakuna aliyewahi kukukasirikia. Lakini kile utakachotoa, kitoe bila hotuba, na usiende kumtangaza kisimani kwamba fulani hana hata ndoo.

Kisiporudi, usitume ujumbe wala usinune njiani. Nenda, keti, salimianeni, ulizeni hali za watoto. Ukiinuka kuaga ndipo useme, "Kesho nina kazi na ile ngazi," kisha unyamaze. Mara nyingi utaondoka nayo begani.