Kutoka na Familia Ukiwa na Hogo Mguuni, Kabla Mvua za Vuli Hazijaanza

Mtu aliyefungwa hogo mguuni, yaani plasta ngumu ya kushikilia mfupa uliovunjika, huulizwa na watoto wake swali moja kila Jumamosi: leo tunatoka au hatutoki? Hapa Dar es Salaam swali hilo huwa zito zaidi kuanzia Septemba, kwa sababu upepo wa kusi umepungua makali, ardhi ni kavu, joto la Desemba bado liko mbali, na kila mtu anajua kwamba mvua za vuli zikishaanza, kwa kawaida kati ya Oktoba na Novemba, vichochoro vyetu vingi vitageuka matope yasiyopitika kwa magongo. Wiki hizo chache za ukavu ndizo za kutumia. Nimeyaandika haya baada ya kuvunjika mfupa wa muundi kwa kuteleza kwenye ngazi zenye maji, na makosa mengi ninayoyataja hapa niliyafanya mwenyewe.

Kabla ya kupanga matembezi yoyote, uliza kliniki kwa maneno ya waziwazi kama unaruhusiwa kuukanyagia mguu, na kama unaruhusiwa, kwa uzito kiasi gani. Usikubali jibu la "pole pole mama, utazoea", kwa kuwa mvunjiko mmoja hutaka mguu uning'inie kabisa kwa wiki kadhaa na mwingine hutaka mgonjwa aanze kukanyaga mapema. Mfupa wa muundi kwa mtu mzima mara nyingi huchukua miezi mitatu hadi minne kuunga, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo familia ijiandae kwa msimu mzima, isijidanganye kwamba ni jambo la wiki mbili.

Mazoezi ya kutoka huanzia sebuleni. Gongo likisimamishwa ubavuni, libakize nafasi ya vidole viwili au vitatu chini ya kwapa, na mshikio wake uwe usawa wa kifundo cha mkono unaponing'inia. Uzito wote hubebwa na viganja. Anayeliegemea gongo kwapani hubana mishipa ya fahamu na baada ya muda huanza kusikia ganzi mkononi. Katika ngazi, unapopanda mguu mzima hutangulia, ukifuatwa na mguu mgonjwa pamoja na magongo, na unaposhuka magongo na mguu mgonjwa hutangulia. Kagua pia raba za chini ya magongo, kwa sababu zikishalika hadi kuwa laini, sakafu ya marumaru iliyopigwa deki huwa hatari kuliko barabara. Kwetu tuliondoa mkeka wa sebuleni, tukapiga deki usiku nikiwa nimeshalala, na bafuni tukaweka kiti cha plastiki cha kukalia wakati wa kuoga, hogo likiwa limefungwa mfuko wa nailoni na kuelekezwa mbali na ndoo. Wenye choo cha kuchuchumaa wamwombe fundi awatengenezee kiti kilichotobolewa katikati, na wasione haya kumwambia ni cha kazi gani.

Jambo lililonisaidia kuliko yote ni kukabidhiwa kazi. Ndugu wa mume wangu walikuja kunijulia hali kwa upendo, wakaninyang'anya hata kisu cha kukatia vitunguu, na baada ya siku nne nilikuwa nimegeuka mgeni katika nyumba yangu mwenyewe. Nikaomba kazi za kukaa: kuchambua mchele, kukunja nguo, kusimamia hesabu za shule. Mbuzi ya kukunia nazi niliiaga, kwa sababu ukishaikalia kuinuka ni kazi ya watu wawili, akairithi binti yangu wa miaka tisa. Tui lake la kwanza lilikuwa na vipande vya kifuu ndani, nasi tulilila hivyo hivyo bila kusema neno. Wageni wengine watakushauri ulikate hogo ukakandwe mafuta. Washukuru, wape chai, na hogo libaki lilivyo.

Sasa pima uwezo wako. Kaa kitini mguu ukiwa chini, kama utakavyokaa ndani ya gari, na uangalie saa. Vidole vikianza kuvimba na hogo likianza kukubana baada ya dakika arobaini, basi hizo dakika arobaini ndizo akiba yako, na safari ya kurudi lazima ilipwe kutoka humo humo. Watu wengi huhesabu njia ya kwenda tu, wakafika wakiwa na furaha, kisha wakakwama kwenye foleni ya jioni mguu ukiwaka moto. Ndiyo maana napendelea Jumapili asubuhi, barabara zikiwa bado nyeupe.

Kuhusu usafiri, bodaboda haifai hata kwa umbali wa vituo viwili. Bajaji inafaa kama utakaa upande, mgonjwa peke yake, mguu umelazwa juu ya kiti cha nyuma bila kuchomoza nje, na wengine wapande nyingine. Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza kazi mwaka 2016, yana faida kubwa kwa mwenye magongo, kwa kuwa sakafu ya kituo iko karibu usawa mmoja na sakafu ya basi, hivyo hakuna ngazi ya kupanda kama ilivyo kwenye daladala. Lakini upenyo kati ya basi na kituo uangalie kwa makini, na usithubutu saa za msongamano. Wanaotaka kwenda Kigamboni wapite kwa gari juu ya Daraja la Nyerere. Pantoni la Kivukoni lina raha yake, ila geti linapofunguliwa umati hukimbia, na hakuna anayetazama chini kuona gongo la mtu.

Mahali pa kwenda pawe ni pale ambapo kukaa ndiyo shughuli yenyewe. Ufukwe wa Coco unavutia, na mihogo yake ya kukaanga inatosha kumtoa mtu kitandani, lakini magongo huzama mchangani. Kaa juu, karibu na barabara, uagize mihogo iletwe, na watoto wachezee mbele yako pamoja na mtu mzima mwingine anayeweza kukimbia. Huo ndio ukweli mchungu wa hogo: mtoto akielekea majini, wewe huna msaada. Chembe za mchanga zikiingia ndani ya hogo zitakuwasha usiku kucha, na kijiti cha kujikunia ni marufuku, kwa maana mkwaruzo usioonekana huoza humo ndani. Bustani ya mimea iliyo jirani na Makumbusho ya Taifa ina kivuli cha miti mikubwa, na ndani ya makumbusho watoto watapata habari za fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, lililogunduliwa Olduvai mwaka 1959. Makumbusho ya Kijiji, kando ya Barabara ya Bagamoyo, yana nyumba za jadi za kutosha kuwashughulisha watoto saa nzima wakati wewe umetulia nje. Popote utakapochagua, mtume mtu mapema akahesabu ngazi na kukagua choo.

Beba mto mdogo, mfuko wa nailoni kwa ajili ya manyunyu, maji ya kunywa, dawa ulizoandikiwa na kiti kidogo cha pili cha kuegeshea mguu. Mweleze pia mtu mzima mmoja dalili za kuvunja safari: vidole kuwa vya baridi au kubadilika rangi, ganzi isiyoisha, maumivu yanayozidi hata baada ya kuuinua mguu, au harufu mbaya kutoka ndani ya hogo. Hizo ni dalili za kwenda hospitali siku hiyo hiyo. Kifua kubana au pumzi kukata ghafla ni dharura isiyongoja hata dakika moja.

Mkirudi nyumbani, lala chali na uuweke mguu juu ya mito mpaka upite usawa wa moyo, kisha uchezeshe vidole kila baada ya muda. Asubuhi tazama: uvimbe ukiwa umeshuka wote, safari ijayo unaweza kuiongeza nusu saa, ukiwa umebaki, Jumamosi inayofuata matembezi yaishie barazani, na mihogo ikaangiwe nyumbani.