Klachi Imekataa: Fanya Haya Kabla Gia Boksi Haijashushwa

Gari lenye klachi mbovu likifika gereji, mwenye gari huuliza kwanza bei. Namwelewa. Lakini swali linalookoa pesa yake ni jingine: fundi, umejuaje kwamba ni klachi? Gia boksi ikishashushwa, umeshalipia kazi kubwa, iwe ilihitajika au haikuhitajika. Nimeshika spana miaka mingi, na nimepokea magari yaliyoletwa kubadilishwa klachi yakaondoka na raba mpya ya silinda ya klachi tu. Ndiyo maana naandika mwongozo huu, ambao ni wa magari ya gia za mkono.

Kwanza ujue kilichomo ndani. Klachi pleti ni sahani yenye tabaka la msuguano pande zote mbili. Imebanwa katikati ya flaiwili, inayozungushwa na injini, na presha pleti yenye springi kali. Mguu ukiwa nje ya pedeli, vyote vitatu huzunguka kama kitu kimoja na nguvu hufika kwenye gia boksi. Ukikanyaga, waya au mafuta husukuma rilizi beringi, beringi hubonyeza vidole vya springi, presha pleti hulegea na pleti huwa huru. Kwa hiyo kuna klachi isiyoshika, na kuna klachi isiyoachia. Ni magonjwa mawili, na dawa zake hazifanani.

Hatua ya 1: Ondoa gari hatarini

Washa taa za dharura, kisha jiulize klachi imegoma kwa namna gani.

Kama pedeli imelala sakafuni au gia hazikubali kuingia, klachi haiachii. Jaribu kukanyaga haraka haraka mara kadhaa. Kama tatizo ni mafuta au upepo kwenye mfumo, mara nyingi pedeli hurudisha nguvu kidogo, inayotosha kukuvusha hadi pembeni. Ikikataa kabisa, zima injini, tia gia ya kwanza, hakikisha hakuna mtu wala gari mbele yako, kisha piga stata. Gari litaruka na kuanza kwenda polepole likiwa kwenye gia. Magari mengine hayawaki bila pedeli kukanyagwa, basi ikanyage hivyo hivyo hata kama haifanyi kazi. Kusimama, toa gia uweke nyutro huku ukikanyaga breki. Gia ikigoma kutoka, zima injini. Njia hii ni ya kutoka katikati ya barabara au kwenye reli. Usiifanye ya kurudia nyumbani.

Kama injini inanguruma lakini gari haliongezi mwendo, klachi haishiki. Punguza mafuta, epuka mlima, simama mahali salama. Ukisikia harufu kali ya kuungua, iache ipoe. Kila dakika unayolazimisha inaunguza pleti na kuharibu uso wa flaiwili, ambayo pengine ilikuwa bado nzima.

Likivutwa kwa kamba na injini yake ni salama kuwaka, iwashe ukiwa nyutro. Injini ikizima, msaada wa breki na usukani huondoka, na mguu utahitaji nguvu nyingi. Kwa hali yoyote usichomoe ufunguo, maana usukani unaweza kujifunga.

Hatua ya 2: Pima mwenyewe

Vipimo hivi havihitaji kifaa chochote.

Cha kushika: egesha mahali tambarare penye nafasi, vuta hendibreki hadi mwisho, kanyaga na breki ya mguu. Washa injini, tia gia ya tatu, achia klachi taratibu ukiongeza mafuta kidogo. Klachi nzima huizima injini palepale. Injini ikiendelea kuzunguka, pleti inateleza. Fanya mara moja tu, kwa sekunde chache, kwa sababu kipimo chenyewe kinaipasha moto.

Cha kuachia: injini ikiwa imewaka, kanyaga klachi hadi mwisho, subiri sekunde chache, kisha tia rivasi. Ikikwaruza, zima injini ujaribu tena. Ikiingia laini injini ikiwa imezima, na ikakataa au kukwaruza ikiwa imewaka, pleti haijawa huru. Natumia rivasi kwa sababu kwenye gia boksi nyingi gia hiyo haina kilinganisha mwendo, yaani kifaa kinachosaidia gia kuingia laini, kwa hiyo haifichi kosa.

Sikiliza pia. Mlio unaoanza unapokanyaga pedeli huelekeza kwenye rilizi beringi. Mlio unaosikika ukiwa nyutro, mguu nje ya pedeli, kisha ukapotea unapokanyaga, kwa kawaida ni beringi ya shafti ya gia boksi. Ukibadilishiwa klachi kwa sababu ya mlio huo wa pili, utarudi nyumbani nao.

Gari kutetemeka wakati wa kuondoka kuna sababu kadhaa: oili imegusa pleti, flaiwili ina madoa ya moto, au mauntingi za injini, raba zinazoishikilia kwenye gari, zimekufa. Za mwisho hukaguliwa bila kushusha chochote.

Hatua ya 3: Kagua waya na mafuta

Klachi ya waya: angalia kama nyuzi zimekatika au waya umelegea. Klachi ya mafuta: fungua boneti uangalie kiwango. Kwenye magari mengi klachi na breki hutumia chombo kimoja, kwa hiyo mafuta yakipungua usiyachukulie kama jambo la klachi peke yake. Ongeza aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Oili ya injini humo huvimbisha raba, na hasara huenea mfumo mzima.

Kisha fuata unyevu kwa tochi: juu ya pedeli ndani ya gari, kwenye mpira wa kupitisha mafuta, na kwenye silinda ndogo iliyo ubavuni mwa gia boksi. Ukipata uvujaji hapo, gia boksi haina sababu ya kushuka. Isipokuwa hivi: magari mengine silinda hiyo imewekwa ndani, imeungana na rilizi beringi, na mafuta yake hudondoka pale injini inapokutana na gia boksi. Hapo kushusha ni lazima, na fundi akikuambia hivyo hakudanganyi.

Hatua ya 4: Chagua gereji kwa macho na kwa maswali

Nenda kabla ya kupeleka gari, kama unaweza. Tazama kama mafundi wanalala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Asiyeweka stendi kulinda uhai wake mwenyewe hatalinda boliti zako. Tazama boliti zinapofunguliwa zinawekwa wapi: kwenye kopo lenye alama, au zimetawanyika mchangani? Tazama gari lililoshushwa gia boksi: injini imeegemezwa, au inaning'inia kwenye mauntingi zilizobaki?

Kisha muulize fundi, kwa heshima, atapima vipi kabla ya kufungua. Fundi mzuri ataomba ufunguo akaliendeshe gari. Atakuuliza lilianza lini, likiwa na moto au baridi, na kama kuna mtu aliyeligusa karibuni. Anayesema "hiyo klachi, lete pesa" bila kukaa kwenye kiti cha dereva, mshukuru uondoke.

Muulize atabadilisha nini. Mimi hubadilisha pleti, presha pleti na rilizi beringi kwa pamoja, kwa kuwa gharama kubwa iko kwenye kushusha na kupandisha. Kuacha beringi ya zamani ili kupunguza bei kidogo ni kujiwekea miadi ya kushusha tena. Flaiwili ikaguliwe mbele yako: ikiwa na mikwaruzo au nyufa, ichongwe upya au ibadilishwe. Ile ya vipande viwili yenye springi ndani hupimwa ulegevu wake kwa kiwango cha mtengenezaji.

Na swali ambalo wengi hawaulizi: oili sili (kipete cha raba kinachozuia oili isivuje) ya nyuma ya krenki, shafti kuu ya injini, na ile ya shafti ya gia boksi zitakaguliwa? Aliwahi kunijia mteja ambaye klachi yake ilibadilishwa mahali pengine, na kabla mwaka haujaisha ikawa inateleza tena. Nilipofungua, pleti ilikuwa imelowa oili, na tabaka lake bado nene. Sili ilikuwa inavuja tangu mwanzo na hakuna aliyeitazama. Alilipa kazi nzima mara mbili kwa sababu ya kipete cha raba. Bado nikimkumbuka naumia.

Hatua ya 5: Andikeni

Karatasi moja inatosha: kasoro iliyopatikana, spea zitakazowekwa na aina yake, malipo ya kazi, siku ya kumaliza, na dhamana ya spea na ya kazi, kila moja muda wake. Ongezeni sentensi mbili: hakuna kazi ya ziada bila kukupigia simu, na spea za zamani utarudishiwa.

Hatua ya 6: Isome pleti ya zamani

Spea hizo usizitupe kabla ya kuzitazama. Tabaka likiwa limeisha hadi ribiti, klachi imekula maisha yake. Madoa ya bluu kwenye presha pleti ni moto, na mara nyingi chanzo ni mguu wa dereva unaopumzika juu ya pedeli, au gari kushikiliwa mlimani kwa klachi badala ya breki. Springi za katikati zilizovunjika huonekana kwa macho. Pleti iliyolowa inakudai uulize: oili imetoka wapi, na imezibwa? Na ukikabidhiwa pleti nene, kavu, nzima, mwambie fundi akueleze kwa utulivu kwa nini aliitoa.

Hatua ya 7: Pokea gari ukiwa ndani yake

Endesheni pamoja. Gia zote ziingie bila kukwaruza, rivasi ikiwemo. Pandeni mlima kwa gia ya juu kidogo muone kama inateleza. Mkirudi, tazama chini kama kuna tone, na uulize kama oili ya gia boksi iliyomwagwa imerudishwa kwa kipimo.

Kilomita 500 hadi 800 za mwanzo endesha kwa upole, usibebe mzigo mzito wala kuondoka kwa kishindo, tabaka jipya lilaliane na flaiwili. Harufu ndogo siku ya kwanza inaweza kuwa ya kawaida. Ikiendelea, au gia zikianza kukwaruza, lirudishe gari siku hiyo hiyo, na uende na karatasi yako.