Umemaliza fomu foo Malindi? Anza na haya

Haya, mtihani ushakwisha, sasa usikae barazani tu ukingoja matokeo. Kama ushafika 18 kimbilia kitambulisho kwanza, beba cheti cha kuzaliwa na kopi za vitambulisho vya wazazi, maana bila hicho hata laini ya simu itabaki kwa jina la mamako na mkopo wa HELB, ile bodi ya mikopo ya wanafunzi wa vyuo, utakusumbua. Matokeo yakija ingia KUCCPS, ule mtandao wa serikali wa kuchagua kozi na vyuo, mwenyewe, usimwachie mtu wa saiba akuchagulie kozi! Digrii ni C+ kwenda juu, diploma C-, na ukipata D vyuo vya ufundi vinachukua, tena fundi mzuri wa injini za boti hapa kwetu halali njaa wallahi. Paswadi ya KUCCPS iandike daftarini, si kiganjani.