Kumtunza mtoto mwenye madoa ya seli za masti
Madoa ya kahawia yanayovimba na kuwasha yanaposuguliwa, ambayo aghalabu huanza kabla mtoto hajatimiza miaka 2, huenda yakatokana na seli za masti, aina ya seli za kinga ya mwili, kurundikana ngozini. Daktari ndiye wa kuthibitisha. Hayaambukizi, na kwa watoto wengi hufifia kufikia balehe. Joto la kaskazi linapozidi Lamu, mwogeshe kwa maji ya uvuguvugu, na uliweke kando dodoki pamoja na singo (mchanganyiko wenye manukato wa kusugulia mwili), hata bibi akisisitiza, kwa kuwa msuguo huzifanya seli hizo zimwage histamini, kemikali inayoleta mwasho na uvimbe. Usimpe aspirini, ibuprofeni wala kodeini bila idhini ya daktari. Akizirai au akipumua kwa shida, hasa baada ya kuumwa na nyuki, mkimbize hospitalini. Mnaoishi kisiwani Pate, jueni mapema boti itapatikana kwa nani usiku.