Namna ya Kujadiliana na Kutofautiana Unapohariri Wikipedia

Anayehariri Wikipedia kwa muda wa kutosha ataifikia tu siku ya kufungua makala aliyoihangaikia na kukuta sentensi yake imefutwa na mtu asiyemfahamu, kwa maelezo ya maneno mawili au bila maelezo yoyote. Moyo huchemka. Mwongozo huu unahusu yanayofaa kufanywa kuanzia dakika hiyo. Tangu Wikipedia ilipoanzishwa tarehe 15 Januari 2001, makala zake zimejengwa na watu wanaojitolea, bila mhariri mkuu wa kuamua nani yuko sahihi, na kwa hiyo kujua kubishana vizuri ni sehemu ya kazi yenyewe, sawa na kujua kutafuta vyanzo.

Jambo la kwanza ni kutorudisha sentensi yako papo hapo. Fungua historia ya ukurasa, linganisha toleo lako na la mwenzako, soma muhtasari alioandika kueleza badiliko lake, kisha utazame ni kitu gani hasa kilichobadilika. Mara nyingi utakuta hoja yako haikuguswa, bali limeondolewa neno moja la sifa, kama "mashuhuri" au "hodari", au dai lililokaa bila tanbihi. Niliwahi kutengua hariri ya mwenzangu, yaani kuifuta na kurudisha toleo la awali, mara mbili mfululizo kabla ya kugundua kwamba alichokuwa akikirekebisha ni tarakimu niliyoinakili vibaya kutoka kwenye kitabu kilichokuwa wazi mbele yangu. Nilimwomba radhi, naye alipokea vizuri, lakini dakika tano za kusoma zingetosha kutuepusha na yote hayo.

Wahariri wengi wanafuata utaratibu wa hatua tatu: hariri kwa ujasiri, ukitenguliwa simama, kisha jadili. Hatua ya kati ndiyo inayotushinda. Watu wawili wanapotenguana kwa zamu huitwa wamo katika vita vya kuhariri, na Wikipedia ya Kiingereza imeweka mpaka kwamba mtu asitengue zaidi ya mara 3 katika ukurasa mmoja ndani ya saa 24, la sivyo anaweza kuzuiwa kuhariri. Mpaka huo si posho ya kila siku. Anayetengua mara mbili kila asubuhi kwa wiki nzima anaweza kuzuiwa pia, na kuwa na ukweli upande wako si kinga. Uharibifu wa wazi, kama matusi yaliyopachikwa katikati ya aya, hauingii katika hesabu hiyo, ila uwe mwaminifu kwa nafsi yako: maoni usiyokubaliana nayo si uharibifu.

Sasa nenda kwenye ukurasa wa Majadiliano wa makala husika na ufungue sehemu mpya. Kichwa chake kitaje jambo, kisimtaje mtu: "Urefu wa mto katika aya ya kwanza" kinafaa, ilhali "Uharibifu wa mtumiaji fulani" kinafunga mlango kabla mwenzako hajaingia. Tia sahihi kwa alama nne za tilde (~~~~), ili jina lako na saa vionekane.

Nichukue mfano wa Mto Nile. Mhariri mmoja ameandika kwamba Nile ndio mto mrefu kuliko yote duniani. Mwingine amebadilisha na kuandika kwamba ni wa pili baada ya Amazon. Wakibishana juu ya mto upi ni mrefu hawatamaliza, kwa sababu hakuna kati yao aliyeupima, na hata kama angeupima, kipimo chake kisingeruhusiwa: Wikipedia haipokei utafiti wa mhariri mwenyewe, inapokea yaliyokwisha kuchapishwa katika vyanzo vya kuaminika. Ubishi hubadilika sura pale wanapoulizana vyanzo vinasema nini na vimepima kuanzia wapi. Hapo inajitokeza kwamba vitabu vingi vya marejeo huupa Nile takriban kilomita 6,650 na Amazon takriban kilomita 6,400, lakini mwaka 2007 watafiti wa Brazil walitangaza kwamba kwa vipimo vyao Amazon ndio mrefu zaidi. Inajitokeza pia sababu ya tofauti hiyo, nayo ni kwamba urefu wa mto hutegemea ni kijito kipi kinachohesabiwa kuwa chimbuko lake na ni wapi mdomo wake unapokoma. Sentensi inayotokana na mazungumzo hayo inaweza kuwa hivi: "Kwa kawaida Nile hutajwa kuwa mto mrefu kuliko yote duniani, ukiwa na takriban kilomita 6,650, ingawa baadhi ya watafiti wanaona Amazon ni mrefu zaidi, kwa kuwa vipimo hutegemea mahali panapohesabiwa kuwa chimbuko." Sentensi hiyo inamfaa msomaji kuliko zile mbili za mwanzo, na hakuna hata mmoja kati ya wahariri wale wawili ambaye angeiandika akiwa peke yake. Kwangu mimi huu ndio uzuri wa kazi hii, na ndiyo sababu sipendi kusikia ubishi wa wahariri ukiitwa kupoteza wakati.

Hata hivyo, kutoegemea upande mmoja si kugawana nafasi nusu kwa nusu. Kila maoni hupewa uzito kulingana na yanavyobebwa na vyanzo vya kuaminika. Suala la Nile na Amazon lina wataalamu pande zote mbili. Dai kwamba dunia ni bapa halina, na anayedai lipewe nusu ya makala kuhusu dunia kwa jina la usawa hana haki ya kupewa nafasi hiyo.

Lugha ya ujumbe wenyewe inastahili uangalifu mkubwa. "Acha kuharibu makala, wewe hujui jiografia" ni maneno yasiyo na swali linaloweza kujibiwa, hivyo jibu lake litakuwa hasira. Linganisha na haya: "Ndugu mhariri, nimeona umeondoa kauli kwamba Nile ni mrefu kuliko mito yote. Niliitoa katika ensaiklopidia inayotaja kilomita 6,650. Je, chanzo chako kinahesabu Amazon kuanzia chimbuko lipi? Napendekeza tuandike hivi, kisha unisahihishe." Ujumbe huu umenukuu kilichobishaniwa, umeweka chanzo mezani, umeuliza jambo lenye jibu na umeleta rasimu, na mwenye kuupokea ana la kufanya zaidi ya kujitetea. Neno "Ndugu" linafaa kwa sababu jina la mtumiaji halionyeshi umri wala jinsia, na unayemwandikia anaweza kuwa mwanafunzi au mtu wa rika la babu yako. Katika Kiswahili nafsi imeshabebwa na kitenzi, kwa hiyo kila "wewe" unayoiongeza husomeka kama kidole kilichonyooshwa, ifute. Pendelea "chanzo hakijatajwa" badala ya "hukutaja chanzo", maana la kwanza linazungumzia makala na la pili linamshtaki mtu. Wala usimrundikie mgeni majina ya kanuni kumi asizozijua. Mweleze kanuni moja inayohusika kwa maneno yako mwenyewe, na kwa nini ipo.

Baada ya kuandika, subiri. Wenzako wana kazi na familia, na katika Wikipedia yenye wahariri wachache siku saba si nyingi. Ukimya wa siku moja usiuchukue kuwa ridhaa.

Makubaliano yanayotafutwa si kura. Watu watano wasio na chanzo hawamshindi mmoja aliyeleta vyanzo viwili vizuri, na si lazima kila mtu aondoke ameridhika. Kinachotakiwa ni kila pingamizi lenye msingi liwe limejibiwa. Kwa sababu hiyo ni kosa kuwaita marafiki mnaokubaliana waje kukuunga mkono, na ni kosa kubwa zaidi kufungua akaunti ya pili na kujifanya mtu mwingine. Ukihitaji watu zaidi, tangaza kwenye ukurasa wa wazi, kwa maneno yasiyoonyesha upande wako.

Iwapo wawili mmekwama, ombeni mtu wa tatu asiyehusika asome na atoe maoni. Katika Wikipedia ya Kiingereza kuna ukurasa maalumu wa ombi hilo, na kuna ombi la maoni ya jumuiya nzima ambalo kwa kawaida hukaa wazi siku 30. Ipo pia kamati ya usuluhishi, lakini hiyo hushughulikia mwenendo wa wahariri, haiamui makala iseme nini. Wikipedia nyingi ndogo hazina ngazi hizi, na watu huwakimbilia wakabidhi, yaani wahariri waliopewa madaraka ya usimamizi. Ni vyema kukumbuka kwamba mkabidhi amepewa zana za kufunga kurasa, kufuta na kuzuia watumiaji. Katika suala la urefu wa mto sauti yake ni sawa na yako. Akiufunga ukurasa kwa muda, toleo lililobaki juu halijatangazwa mshindi.

Matusi, vitisho na kutoa hadharani habari za faragha za mtu ni jambo jingine kabisa. Usijibu. Hifadhi kiungo cha hariri husika na upeleke taarifa kwa wakabidhi. Kanuni za maadili za miradi yote, zilizotangazwa mwaka 2021 na Wikimedia Foundation, shirika linaloendesha Wikipedia na miradi dada, zinakataza mambo hayo bila kujali nani alikuwa sahihi kuhusu makala.

Upo pia ubishi unaofaa kuachwa. Wahariri wa Kiingereza walivutana kwa miaka, hadi 2011, kama jina la makala kuhusu mtindi liandikwe "yogurt" au "yoghurt". Jiulize kama msomaji atapotoshwa ukinyamaza. Kama hatapotoshwa, kuna makala nyingi zisizo na hata tanbihi moja zinazokusubiri.

Mkishakubaliana, mmoja aiweke sentensi mpya pamoja na tanbihi zake, aandike katika muhtasari kwamba amefuata majadiliano, na aache neno fupi chini ya mazungumzo kueleza kilichoamuliwa. Mazungumzo yasifutwe, yakirefuka yahamishiwe kwenye ukurasa wa kumbukumbu. Miaka mitatu baadaye atakuja mtu mwingine na kitabu kipya kuhusu Amazon, naye atakuta mlishazungumza, mkaweka vyanzo vyenu, na ataanzia pale mlipoishia.