Gunia Moja la Viungo vya Majani: Kuanzia Kokoto Hadi Chatini

Nauza bhajia na kachori Magomeni, Dar es Salaam, na wateja wangu wengi hunifuata kwa sababu ya chatini. Chatini hiyo uhai wake ni giligilani, ile ambayo Zanzibar huitwa kotmiri na Kenya dania. Fungu la giligilani likitoka sokoni alfajiri, saa nane mchana limeshanyong'onyea na harufu imepungua nusu. Ndiyo maana nalima mwenyewe kwenye baraza la ghorofani, ndani ya magunia yaliyosimama, ambayo kila moja nafasi yake sakafuni haizidi ya ndoo kubwa.

Sababu ya pili ni usafi, na hili naliona kubwa kuliko hilo la kwanza. Majani ya kachumbari na chatini hayapiti motoni. Bustani nyingi za mjini ziko mabondeni na humwagiliwa maji ya mto, na Mto Msimbazi unapokea maji machafu ya majumbani na ya viwandani. Kuosha kunaondoa vumbi na baadhi ya vijidudu, lakini madini mazito yaliyokwisha kuingia ndani ya jani hayatoki kwa kuosha. Jani unaloliwekea udongo na maji mwenyewe, unajua limekula nini.

Kilimo cha gunia si jambo la kubahatisha. Kibera, Nairobi, baada ya vurugu za uchaguzi za 2007 na 2008, shirika la Kifaransa la Solidarités liliwasaidia watu kuotesha sukuma wiki, mchicha na vitunguu kwenye magunia pembeni mwa milango yao, mahali ambapo hapana hata hatua moja ya shamba. Sisi tunaotaka viungo vya majani tunafuata ujenzi uleule, ila upangaji wa mimea unabadilika.

Tafuta gunia lililobeba mahindi, mchele au sukari. Lililobeba mbolea ya chumvichumvi au dawa liache, hata ukilifua. La katani linapumua vizuri ila huoza mapema. La sandarusi hudumu zaidi. Kabla hujajaza, amua litakaa wapi, kwa sababu likishajaa hulihamishi. Gunia lenye udongo wa kimo cha sentimita 80 hivi huchukua kama lita 120, na likilowa linaweza kuzidi kilo 150. Ghorofani liweke lishikamane na ukuta, kamwe lisiegemee ukingo wa baraza, na magunia yasisongamane mahali pamoja. Mwenye nyumba aambiwe mapema. Kama baraza lako lina nyufa, tumia madumu yaliyokatwa ukayatundike ukutani badala ya gunia.

Udongo: debe nne za udongo wa juu, debe mbili za samadi iliyooza. Udongo wa Dar una mchanga wa kutosha tayari. Mwenye udongo wa mfinyanzi apunguze debe moja la udongo aweke la mchanga. Samadi usiichukue kwa kuambiwa tu kwamba imeoza. Ingiza mkono katikati ya lundo: kama kuna joto, bado. Ikamue kiganjani: iliyoiva inavunjika kama chenga, haigandi vidoleni, na inanuka udongo wa mvua. Samadi mbichi huunguza mizizi, na kwa majani yanayoliwa mabichi inaleta vijidudu vya tumbo. Mimi huiacha miezi mitatu au zaidi kabla ya kuigusa.

Sasa nguzo ya kokoto, ambayo watu wengi wanairuka kisha wanalalamika kwamba gunia halina faida. Chukua kopo la rangi la lita 4, likate kitako libaki mdomo huku na huku. Tandaza kokoto chini ya gunia, simamisha kopo katikati, lijaze kokoto zilizooshwa, kisha jaza udongo kuzunguka kopo mpaka usawa wa mdomo wake. Livute juu taratibu, kokoto zitabaki zimesimama zimeshikwa na udongo. Jaza tena, vuta tena, mpaka ufike juu. Udongo usiushindilie kwa nguvu. Unatakiwa ukae wenyewe.

Bila nguzo hiyo, maji unayomimina juu hulowesha tabaka la kwanza, kisha hutafuta njia pembeni na kuchuruzika nje kupitia matundu, huku mizizi ya katikati ikibaki kavu. Nguzo inayapeleka maji chini na kuyasambaza pembeni njia nzima. Kabla ya kupanda, mimina jagi moja kwenye kokoto, subiri robo saa, halafu toboa tundu moja karibu na kitako na uingize kidole. Udongo uwe na unyevu bila kuwa tope. Ukiwa mkavu, ongeza maji taratibu mpaka unyevu ufike, ndipo uendelee.

Acha gunia litulie kama wiki moja, maana udongo utashuka, uongeze. Kisha toboa matundu kwa wembe, upana wa vidole vitatu, yakiachana sentimita 20, ya safu ya pili yakae katikati ya yale ya safu ya kwanza ili mmea wa juu usimzibe wa chini.

Hapa ndipo gunia la viungo linapotofautiana na gunia la mchicha. Viungo vya majani havipendi maji kwa kiwango kimoja, na gunia lenyewe halina unyevu wa kiwango kimoja: juu pembeni panakauka haraka kwa jua na upepo, chini panabaki na ubichi. Basi panga mimea kwa kiu yake. Matundu ya juu weka rozmari, yenye vijani vyembamba kama sindano, ambayo mizizi yake huoza ikikaa majini. Katikati weka mrehani na vitunguu majani. Chini kabisa weka seleri, ambayo bila maji mengi mabua yake hukakamaa na kuwa machungu. Uso wa juu wa gunia ni wa giligilani peke yake, kwa sababu inataka kupandwa kwa mbegu palepale itakapokulia. Ukiing'oa uihamishe inakasirika na kukimbilia kutoa maua.

Mnanaa usiuingize kwenye gunia kabisa. Unatambaa na vishina vyake vya chini kwa chini, na utawafukuza wenzake wote. Mimi naupanda kwenye dumu lililokatwa, nalikalisha mguuni pa gunia, linakinga maji yanayochuruzika. Kikonyo kimoja cha mnanaa kutoka sokoni, ukiking'oa majani ya chini na kukisimamisha kwenye glasi ya maji, kinatoa mizizi ndani ya wiki moja au mbili. Mchaichai nao upewe ndoo yake. Unarefuka kupita mita moja na majani yake yanakata mikono.

Mbegu za giligilani zinapatikana duka lolote la viungo, mradi ziwe nzima na hazijakaangwa. Kile kiduara unachokiona ni tunda lenye mbegu mbili ndani. Kiviringishe chini ya chupa mpaka kipasuke vipande viwili, usikisage. Loweka usiku kucha, chuja, tawanya, funika kwa udongo wa unene wa sentimita moja, halafu tandika kitambaa cha gunia kilicholowa mpaka zichomoze, siku 7 hadi 14. Zikichomoza tu, toa kitambaa siku hiyohiyo.

Adui mkubwa wa giligilani hapa Pwani ni joto. Kuanzia Desemba hadi Machi huharakisha kutoa maua: utaona majani mapana yanaanza kutoka membamba yaliyochanika, na ladha inabadilika. Hakuna dawa yake. Unachoweza ni kuipa jua la asubuhi na kivuli cha mchana, kuikata mapema, na kugawa uso wa gunia mara mbili ili upande mmoja upandwe wiki mbili baada ya mwingine. Iliyokwisha kutoa maua iache, nyuki wanaifuata, na mbegu zikigeuka kahawia ndizo za kupanda tena.

Mrehani tunaujua wengi kwa vikuba na harufu ya nguo, lakini jikoni una kazi pia. Ukiuvuna jani mojamoja unaudumaza. Angalia shina: majani yanatoka mawilimawili yakitazamana, na kwapani mwa kila jani kuna kichipukizi kidogo. Kata shina juu kidogo ya jozi hiyo. Vile vichipukizi viwili vitakuwa matawi mawili, na kila ukikata unaongeza kichaka. Ua likijitokeza, likate.

Maji mimina kwenye kokoto, asubuhi na jioni, lita 5 kila mara wakati wa kiangazi. Uso wenye giligilani unyunyizie kwa mkono. Masika usimwagilie kwa mazoea, ingiza kidole kwanza. Maji ya kisima yenye chumvi huacha ukoko mweupe juu ya udongo na ncha za majani huungua. Ukiona hivyo, kinga maji ya mvua. Vidukari wakikusanyika chini ya majani, wapige maji ya sabuni kidogo ya kipande jioni, na majani uyaoshe vizuri kabla ya kuyala.

Jikoni kuna utaratibu unaofanana na ule wa gunia. Lile jani gumu la juu, rozmari, linaingia chunguni mapema, kwa sababu harufu yake inahitaji mafuta na moto ili itoke: kijiti kimoja kwenye viazi vya kukaanga au mchanganyiko wa kulowekea mishkaki kinatosha, zaidi ya hapo ni dawa. Mchaichai ponda kitako chake, kichemshe na supu tangu mwanzo, kisha ukitoe. Majani laini yanasubiri mwisho. Mchuzi wa changu wa nazi, zima moto kwanza, mwaga giligilani iliyokatwakatwa, funika dakika mbili. Ukiiweka mapema, unachobaki nacho ni rangi tu. Mabua yake lakini usiyatupe, yana harufu kuliko majani na yanavumilia moto. Yasage pamoja na kitunguu saumu na tangawizi unapoanza mchuzi.

Chatini yangu ni hii: fungu moja nono la giligilani na mabua yake laini, kiganja cha mnanaa, pilipili za kijani mbili, punje mbili za kitunguu saumu, kipande cha tangawizi cha urefu wa kidole gumba, kikombe kimoja cha nazi iliyokunwa, chumvi. Saga kwa maji ya baridi machache na kwa vipindi vifupi, maana blenda ikipata moto majani yanafifia. Ndimu naikamua wakati wa kupakua. Ikikaa saa nyingi na majani, asidi inageuza kijani kuwa rangi ya zaituni, na mteja akiiona hivyo anadhani ni ya jana. Mrehani siuweki humo. Naukata kwa vidole juu ya kachumbari ya nyanya, dakika ya mwisho, kwa kuwa kisu butu huuachia weusi kwenye kingo.

Mavuno yakipungua na majani kuwa ya njano japo unamwagilia, mwaga gunia lote. Chunguza mizizi: ikiwa na vinundu, ni minyoo fundo, udongo huo usirudi kwenye viungo, uanike juani. Ikiwa safi, changanya debe moja jipya la samadi, osha kokoto, na ukague sandarusi. Nyuzi zikianza kumenyeka kwa jua upande mmoja, tafuta gunia jingine kabla ya kujaza.